Mtoto mwenye jinsia tata: kazi ya daktari, kazi ya mwalimu na kazi yako mzazi

Shule zimefunguliwa, na wiki hii foleni ya kliniki yetu ni ya wazazi walioshika fomu za uchunguzi wa afya za watoto wanaoanza kidato cha kwanza. Kila mwaka ifikapo wakati huu namkumbuka mtoto mmoja aliyeletwa na bibi yake kutoka Kwedizinga, kule kati ya Korogwe na Handeni. Nitakueleza habari zake, mpenzi msomaji, ila mambo kadhaa nimeyabadilisha ili asitambulike.

Bibi hakuja na jambo kubwa. "Mwanangu, huyu mjukuu wangu mkojo unamchoma," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Kila mwezi tunanunua vidonge dukani. Anapata nafuu siku nne tano, kisha unarudi."

Mtoto alikuwa na miaka 13, mwanafunzi wa darasa la sita, amevaa sketi ya bluu ya shule. Hakuniangalia usoni. Kipimo cha mkojo kilionyesha maambukizi, nami nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mwanafunzi mwenye tatizo hilo: unakunywa maji ukiwa shuleni?

"Sinywi."

Kwa nini?

"Nikinywa nitataka kwenda chooni."

Vyoo vya wasichana pale shuleni havikuwa na milango. Mtoto huyu alikuwa akibana mkojo kuanzia asubuhi hadi anaporudi nyumbani alasiri, kwa miaka miwili, kwa sababu maumbile yake ya siri hayakufanana na ya wenzake. Kisha sauti ilianza kuwa nzito. Wenzake wakamvizia na kumchungulia. Habari zikafika kwa walimu, na mmoja wao akaona njia ya kumaliza maneno ni kuthibitisha: akamwita ofisini, akamwita na mtu mzima mwingine, wakamvua nguo. Siku aliponijia ilikuwa wiki ya 11 tangu akanyage shuleni. Sketi ile alikuwa ameivaa kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri kuliko zote.

Mtoto alipotoka kwenda kuchukua dawa, bibi alinisogelea. "Mwanangu, nieleze ukweli. Huyu ni wa kike au wa kiume?"

Nilimjibu kwamba swali hilo litahitaji vipimo na muda, pengine miaka, na mwenyewe mtoto atakuwa na la kusema. Lakini yako mambo ambayo hayahitaji kipimo chochote. Mlango wa choo hauhitaji kipimo. Mwalimu kufunga mdomo hakuhitaji kipimo. Hayo yangeweza kufanyika kesho yake asubuhi.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Mtoto wa aina hii anapoacha shule, tunasema ameshindwa kwa sababu ya maumbile yake. Ukichunguza utakuta maumbile hayakumzuia kusoma hata siku moja. Kilichomtoa ni mambo madogo ya kila siku shuleni, na karibu yote yako ndani ya uwezo wetu.

Jinsia tata ni nini?

Mimba ikiwa na wiki sita hivi, watoto wote tumboni wana maumbile ya aina moja. Baada ya hapo vinasaba na homoni huyaongoza maumbile hayo kuelekea upande wa kike au wa kiume. Safari hiyo ina hatua nyingi, na hatua yoyote inaweza kwenda tofauti kidogo. Matokeo yake ni mtoto ambaye sehemu zake za nje, viungo vyake vya ndani, homoni au kromosomu haviendi pamoja kama tulivyozoea.

Mtaani wanaitwa watu wenye "jinsia mbili". Jina hilo linapotosha, maana linamfanya msikilizaji afikirie mtu mwenye viungo viwili kamili vinavyofanya kazi, jambo ambalo sivyo lilivyo. Wanaosoma elimu ya dini ya Kiislamu wanalijua neno huntha, kwa kuwa wanazuoni walishazijadili hukumu zake, zikiwamo za mirathi, karne nyingi zilizopita. Kwa hiyo si jambo jipya na halikuletwa na wageni. Si laana, si kosa la mama, si matokeo ya kitu alichokula au alichofanya akiwa mjamzito, wala haliambukizi.

Ziko hali nyingi. Nikutajie zile ambazo mzazi na mwalimu wanaweza kukutana nazo.

Ya kwanza inatokana na tezi zilizo juu ya figo. Tezi hizo zikikosa kimeng'enya fulani, hushindwa kutengeneza homoni za kulinda chumvi na sukari ya mwili, badala yake humwaga kwa wingi homoni za kiume. Mtoto wa kike anaweza kuzaliwa akiwa na kinembe kikubwa hata mkunga akadhani ni uume. Hatari kubwa hapa si umbo. Ni kwamba kati ya wiki ya kwanza na ya tatu mtoto anaweza kuanza kutapika, kulegea, kukataa kunyonya na kufa kwa kupoteza chumvi. Wa kiume mwenye tatizo hilohilo huzaliwa na umbo la kawaida, hivyo ndiye anayepita bila kugunduliwa. Mtoto mchanga anayetapika na kulegea apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ya pili ni ya mtoto mwenye kromosomu za kiume ambaye mwili wake haupokei vizuri homoni ya kiume, au haubadilishi homoni hiyo kuwa aina inayojenga maumbile ya nje. Anazaliwa anaonekana msichana, anapewa jina la kike, anasuka nywele. Wengine wa kundi hili, wakifika umri wa kubalehe, sauti inakuwa nzito, misuli inajitokeza, na hedhi haiji.

Ya tatu ni ya wavulana ambao tundu la mkojo halipo kwenye ncha ya uume bali chini yake. Hii ni ya kawaida kuliko wengi wanavyodhani: hukadiriwa kwa mvulana mmoja kati ya kila 200 hadi 300. Shule ya msingi yenye wavulana 500 inaweza kuwa nao wawili, wanaochuchumaa kukojoa huku wenzao wakisimama, na kuchekwa kwa hilo. Wengi wao ni wavulana bila utata wowote, lakini ikiambatana na korodani ambazo hazikushuka, daktari lazima aangalie zaidi.

Ya nne ni ya wasichana wanaochelewa. Kuna wenye upungufu wa kromosomu moja, takriban mmoja kati ya wasichana 2,500, ambao hubaki wafupi na matiti hayaoti. Kuna pia waliozaliwa bila mfuko wa uzazi. Msichana ambaye hana dalili yoyote ya matiti akiwa na miaka 13, au hajavunja ungo akiwa na miaka 15, anastahili kuonwa na daktari. Asipelekwe kwa mganga, na asiulizwe mbele ya darasa.

Watoto ambao mkunga hawezi kabisa kusema ni wa kike au wa kiume wanapozaliwa hukadiriwa kuwa mmoja kati ya 4,500 hadi 5,000. Ni wachache, lakini nchi yetu ilihesabu watu 61,741,120 katika Sensa ya mwaka 2022. Wapo katika kila wilaya.

Jando lisiwe mahali pa kugundua

Kwetu Handeni na Korogwe mtoto wa kiume lazima atahiriwe, na si vibaya. Tatizo ni kwamba mara nyingi ngariba ndiye anayekuwa wa kwanza kugundua, kisu kikiwa mkononi, watoto wengine wakitazama.

Nataka ukumbuke jambo hili hata ukisahau mengine yote. Mtoto mwenye tundu la mkojo chini ya uume asitahiriwe kabla hajaonwa na daktari wa upasuaji. Ile ngozi ya mbele inayokatwa wakati wa tohara ndiyo ambayo daktari mara nyingi huitumia kutengenezea njia ya mkojo. Ikishakatwa na kutupwa, ukarabati unakuwa mgumu zaidi. Vivyo hivyo mtoto ambaye korodani hazionekani: hizo zinatakiwa kushushwa kwa upasuaji mapema, kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu, kwa sababu zikibaki juu zinaharibu uwezo wa kuzaa na zinaongeza uwezekano wa saratani baadaye.

Mama, wakati wa kumwogesha mwanao mchanga ndiyo wakati wa kuangalia. Ukiona kitu hukielewi, uliza kliniki anapopelekwa kuchanjwa. Mashangazi na makungwi nao, mnapokaa na wali, mkiona binti ana maumbile tofauti, mficheni siri na mshaurini mama yake aende hospitali. Unyago haukuwekwa ili mtu aabishwe.

Kinachowatoa shuleni

Turudi darasani. Ukizungumzia elimu jumuishi hapa nchini, watu hufikiria njia ya kiti cha magurudumu, maandishi ya nukta nundu na lugha ya alama. Hayo ni ya lazima na bado hayajatosha. Lakini mtoto mwenye jinsia tata haonekani katika picha hiyo kwa sababu anatembea, anaona, anasikia. Anachokosa ni faragha.

Mwongozo wa Serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule nyingi za vijijini hazijafika hapo, na katika maeneo yenye shida ya maji kama Handeni, mtoto anatoka nyumbani na dumu lake. Unapokagua shule ya mwanao, usihesabu matundu tu. Angalia kama kuna mlango, na kama mlango una komeo la ndani. Mlango huohuo unamsaidia msichana aliye kwenye hedhi, mtoto mwenye ulemavu na yule mwenye haya tu. Kamati ya shule inaweza kutengeneza mlango mmoja bila kusubiri bajeti ya halmashauri, wala hakuna haja ya kumtaja mtoto yeyote.

Jambo la pili ni mabweni. Wanaokwenda sekondari za bweni wanakutana na mabafu ya wazi, watu kumi wanaoga pamoja. Mtoto niliyemsimulia angeweza kufaulu darasa la saba vizuri sana na bado akakwama kwenye bafu la kidato cha kwanza. Ile fomu ya uchunguzi wa afya niliyoitaja mwanzo ni nafasi: daktari anaweza kuandika kwamba mwanafunzi ana sababu za kiafya za kuoga peke yake. Halazimiki kuandika sababu yenyewe.

La tatu ni michezo. Msichana akikimbia kuwashinda wenzake katika UMITASHUMTA, sauti za "huyu dume" huanza kando ya uwanja. Dunia nzima imeliona hili. Katika mbio za mita 800 za Olimpiki ya Rio mwaka 2016, washindi watatu walikuwa Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Wote walikulia wasichana, wote waliingia uwanjani kihalali, na wote baadaye waliguswa na kanuni za mwaka 2019 zilizowataka wenye kiwango cha juu cha homoni ya kiume waishushe kwa dawa ama waache mbio za umbali huo. Unaweza kuzikubali kanuni hizo au kuzipinga. Wataalamu wenyewe wanabishana. Lakini hoja za mashindano ya dunia haziwahusu watoto wa darasa la tano wanaokimbizana uwanjani. Mwalimu wa michezo si mpimaji wa jinsia.

La nne ni kumkagua mtoto mwili. Hapa sitatafuta maneno laini. Hakuna mwalimu, matroni, mwenyekiti wa kijiji wala mzazi mwenzako mwenye mamlaka ya kumvua nguo mwanafunzi ili aone yeye ni nani. Kufanya hivyo ni kumdhalilisha mtoto. Uchunguzi wa mwili unafanyika hospitali, mlango ukiwa umefungwa, kwa ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe kwa kadiri ya umri wake, na si mara kumi kwa sababu wanafunzi wa udaktari wanataka kuona. Sisi madaktari nasi tuna makosa yetu katika hilo.

Lipo jambo moja tu ambalo shule lazima ilijue. Mtoto mwenye lile tatizo la tezi za juu ya figo anameza dawa kila siku maishani. Akipata homa, akitapika au akivunjika mfupa, anahitaji dozi kubwa zaidi na hospitali haraka, la sivyo anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache. Mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa waambiwe hilo kwa maandishi. Waambiwe ana ugonjwa wa tezi, inatosha. Na kama mwanao ana tatizo hilo na mwezi wa Ramadhani unakaribia, zungumza na daktari wake kabla hajaanza kufunga.

Majirani wamefika wapi

Mwaka 2009 mjini Nairobi alizaliwa mtoto ambaye kwenye karatasi za hospitali, mahali pa kuandika jinsi, pakawekwa alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda mahakamani, kwa kuwa alama ya kuuliza haikupi cheti cha kuzaliwa, na bila cheti mtoto anatatizika shuleni na kila mahali. Desemba 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ilitambua kwamba watoto hawa wapo na kwamba Serikali inapaswa kuwawekea utaratibu. Katika sensa ya mwaka 2019 Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakajitokeza 1,524. Kwa makadirio ya kitabibu idadi hiyo ni ndogo kuliko hali halisi, lakini fikiria ujasiri wa watu hao 1,524 kumwambia karani. Kisha Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 ikaandika wazi kwamba mtoto wa jinsia tata ana haki ya kuheshimiwa utu wake, kutibiwa na kusomeshwa, na kwamba asiondolewe wala kubadilishwa viungo bila ushauri wa mtaalamu wa vinasaba.

Uganda nayo, katika sheria yake ya usajili wa watu ya mwaka 2015, imeweka njia ya mzazi kurekebisha taarifa za mtoto wa namna hii, ingawa inataka awe amefanyiwa upasuaji kwanza. Kwa maoni yangu sharti hilo linawasukuma wazazi kwenye kisu mapema mno.

Kwetu Tanzania hatuna kifungu kinachowataja kwa jina. Lakini tusijifanye hatuna sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya jinsia, afya, ulemavu, kuzaliwa kwake au hali nyingine yoyote, na inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu. Mtoto wa Kwedizinga analindwa na maneno hayo leo hii. Kinachokosekana ni mwongozo unaomwambia mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi. Tumeshaona kwamba hilo linawezekana: Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni, jambo ambalo miaka michache kabla lilionekana haliwezi kusemwa. Wizara ya Elimu na ile ya Afya zikikaa pamoja, waraka wa kurasa mbili tu kuhusu faragha, usajili na siri za mwanafunzi ungetosha kuanzia.

Usajili unahitaji kusemwa kwa uwazi. Herufi inayoandikwa siku mtoto anapoandikishwa darasa la kwanza inamfuata hadi Baraza la Mitihani. Katika orodha za matokeo, jinsi ina safu yake. Hati moja ikipishana na nyingine, mtoto hukwama kwenye ajira au chuo. Kwa hiyo kama mtoto mwenyewe, familia na madaktari wameona kwamba taarifa za mwanzo hazikuwa sahihi, usisubiri cheti cha kidato cha nne. Kusanya barua za hospitali mapema, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na kupitia kwake muulizie RITA utaratibu wa cheti cha kuzaliwa.

Usikimbilie kisu

Wazazi wengi wananiambia, "Daktari, mfanyie operesheni yaishe." Ninaelewa maumivu hayo. Lakini mwaka 2006 yalichapishwa makubaliano ya madaktari bingwa waliokutana Chicago, nayo yalibadili namna tunavyofanya kazi hii: mtoto aonwe na timu, si daktari mmoja, wazazi waelezwe kila kitu, na upasuaji wa kubadili mwonekano tu usifanywe kwa pupa. Sababu ni rahisi. Ukikata leo kwa kukisia, na miaka 12 baadaye mwili na moyo wa mtoto vikaelekea upande mwingine, huwezi kurudisha.

Upasuaji wa haraka unahitajika mkojo unapokuwa hautoki vizuri, maambukizi yanapojirudia kwa sababu ya umbile, au tezi iliyo ndani inapokuwa na dalili ya saratani. Mengine yanaweza kumsubiri mtoto akue ashiriki kuamua. Kutoka Handeni au Korogwe rufaa huanzia hospitali ya wilaya, ikaenda Bombo Tanga, na ikibidi KCMC Moshi au Muhimbili.

Wengine ambao vipimo havitaonyesha kitu

Kuna swali ambalo wasomaji huninong'oneza. Je, mtoto ambaye mwili wake hauna tofauti yoyote, lakini mwenendo wake au anavyojihisi si kama wenzake wa jinsi yake? Hiyo si hali ya jinsia tata na sitaki kuchanganya. Ninajua pia kwamba jambo hili linaamsha hasira katika jamii yetu. Ninachoweza kukwambia kama daktari ni kwamba viboko, kuzomewa na kufukuzwa havijawahi kumbadilisha mtoto wa namna hiyo. Nimeona vikimfanya akose usingizi, aache kula, na wakati mwingine atake kujidhuru. Naye ana dawati lake. Mwalimu hahitaji kuwa na jibu la maisha ya mtoto ndipo ahakikishe hapigwi nyuma ya darasa.

Ufanye nini basi?

Mzazi, usimfiche mtoto ndani na usimtangaze. Mweleze mwenyewe ukweli kidogo kidogo kulingana na umri wake, maana atakayemweleza nje atamweleza vibaya. Mchague mwalimu mmoja unayemwamini, pengine yule wa malezi na unasihi, awe wa kukimbilia. Mfundishe mwanao sentensi moja ya kujibu wachokozi: "Ni mambo ya afya yangu, daktari wangu anayajua."

Mwalimu, lugha yetu imekurahisishia kazi. "Yeye", "mwanafunzi", "mwanangu" havisemi ke wala me. Mwite kwa jina lake. Badala ya kupanga mistari kwa wavulana na wasichana kila asubuhi, panga kwa madarasa. Anayecheka, mkanye faraghani kwanza. Ukimfokea mbele ya wote umewaelekeza wote pa kutazama.

Wewe jirani, ukisikia mtoto amevuliwa nguo au anateswa kwa sababu hii, piga Simu ya Mtoto namba 116, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Yule mtoto wa Kwedizinga nilimpa dawa ya maambukizi na barua ya mistari mitatu kwenda kwa mwalimu mkuu: mwanafunzi huyu ana tatizo la kiafya, naomba aruhusiwe kutumia choo cha walimu wakati wowote bila kuulizwa sababu, na asichunguzwe mwili na mtu yeyote shuleni. Sikuandika zaidi. Mwalimu mkuu alikubali. Nadhani alikuwa akitafuta mtu wa kumwambia la kufanya. Wiki iliyofuata mtoto alirudi darasani. Rufaa yake bado inaendelea, na jibu la swali la bibi bado hatuna.

Siku ya mwisho tulipoonana nilimuuliza angependa tumwiteje. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Niiteni jina langu tu." Halafu akaniomba maji ya kunywa, akamaliza bilauri nzima.

Tukutane wiki ijayo. Makala haya ni ya kuelimisha. Hayachukui nafasi ya kumwona daktari.